Kutoka Kibugu hadi Nyikani: Ukame, Milima na Lugha katika Historia ya Waembu na Jirani Zao

Kiswahili kina maneno mawili makubwa ya kutajia kile ambacho wanahistoria hukitafuta wanapochunguza mambo ya kale, nayo ni ustaarabu na utamaduni. Neno la kwanza limejengwa juu ya jina la Waarabu, na katika maandishi mengi ya kale ya Kiarabu jina hilo liliwahusu hasa watu wa majangwani, wachunga ngamia, kuliko watu wa mijini. La pili lina mnasaba na madina, yaani mji. Waungwana wa pwani walioyapokea maneno hayo hawakuwa watu wa jangwa hata kidogo. Walikuwa watu wa majumba ya mawe, minazi na majahazi, na tena walikuwa na neno lao, uungwana, lililowatosha. Hata hivyo jina lao wenyewe limetoka ukingoni. Sahil ya Kiarabu ni ufuko, na kutokana na wingi wake, sawahil, ndipo walipopatikana Waswahili. Neno hilohilo ndilo linaloutaja ukanda wa Sahel, kusini mwa Sahara, ambako wasafiri waliotoka kaskazini waliuona mwisho wa mchanga kama baharia aionavyo nchi kavu.

Msamiati huu umebeba mawazo mawili yanayogongana. Moja lasema kuwa jangwa ni chimbuko. Jingine lasema kuwa jangwa ni mpaka, na kwamba mambo ya maana huanza pale linapokoma. Wanazuoni wamegawanyika vivyo hivyo. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliiona historia ya Afrika ya Kaskazini kuwa ni mzunguko: watu wa jangwani wenye mshikamano wa ukoo huuteka mji, mji huwalegeza, kisha wengine hutoka jangwani kuwaondoa. Kwake jangwa lilikuwa kisima cha nguvu za dola. Wazungu wa karne ya ishirini walielekea upande wa pili. Ellsworth Huntington, katika kitabu chake cha 1915 kuhusu ustaarabu na tabianchi, aliyapanga mataifa ya dunia kwa kipimo cha joto na mvua, na haikushangaza mtu kwamba nchi za watu wa namna yake zilishika nafasi za mbele. Arnold Toynbee, aliyeanza kuchapisha historia yake ndefu mwaka 1934, alikuwa mwangalifu zaidi: Misri na Sumeri, alisema, ni majibu ya wanadamu kwa kukauka kwa malisho yao, waliobaki walipokuwa walipotea, na walioteremkia matopeni mwa mito mikubwa walijenga miji. Karl Wittfogel naye, mwaka 1957, alidai kwamba palipo ukame na mto mkubwa hapana budi pawe na mifereji, na palipo mifereji hapana budi pawe na mtawala wa kuisimamia kwa mkono wa chuma.

Wittfogel hakuishia Misri na China. Aliwaingiza hata Wachaga wa Kilimanjaro katika jamii zake za maji, kwa sababu ya mifereji yao na watemi wao. Lau angetazama kaskazini kidogo, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, angewakuta Wamarakwet, ambao mifereji yao imeteremsha maji kutoka vilele vya Cherang'any hadi bonde la Kerio kwa vizazi vingi, ikitunzwa na koo, bila mfalme wala mtemi. Ushahidi uliopatikana baadaye kando ya Ziwa Turkana unatatiza zaidi. Huko Lothagam, wafugaji wa miaka kati ya 5,000 na 4,300 iliyopita, wakati ziwa lilipokuwa likinywea na mvua ikipungua, walijenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe. Katika moja ya mahali hapo, kwa makadirio ya wachimbuzi yaliyotolewa mwaka 2018, walizikwa watu wasiopungua 580, na mapambo yao hayaonyeshi tofauti ya bwana na mtwana. Ukame ulikuwapo, kazi kubwa ya umma ilikuwapo, ila Firauni hakuonekana.

Nadharia zote hizi, pamoja na tofauti zake, zina msingi mmoja usiohojiwa: kwamba nchi yenye maji huwakusanya watu, na nchi kavu huwatenga. Jangwa ni ukuta. Msingi huo unafaa kupimwa mahali ambapo nchi hizo mbili zinatazamana kwa karibu na ambapo lugha za wakazi zimechunguzwa vya kutosha. Miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Kenya ni mahali pa namna hiyo, na Kibugu, juu ya mji wa Embu, ni kituo kizuri cha kutazamia.

Kibugu ni nchi ya kahawa. Udongo wake ni mwekundu, uliotokana na majivu na mawe ya volkeno ya mlima ambao ulizimika zamani mno, na ardhi yenyewe imepasuliwa na mito kuwa migongo mirefu yenye mabonde membamba katikati. Kilele cha mlima kimefika mita 5,199. Mji wa Embu uko kwenye kiasi cha mita 1,350, na mtu akiendelea kushuka kuelekea kusini mashariki ataingia nchi ya Mbeere, ambako volkeno imekwisha, mawe ya kale ya msingi yametokeza, udongo umekuwa wa kichanga na migunga imechukua nafasi ya migomba. Kwenye bonde la Mto Tana ardhi imeshuka chini ya mita 600. Mvua nayo hushuka pamoja na ardhi: kutoka karibu milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu za juu hadi kiasi cha 640 katika sehemu za chini, na hizo 640 huja kwa mafungu yasiyotabirika. Yote hayo yamo katika mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu. Ng'ambo ya Tana ni Ukambani, na mbele ya Ukambani ni ile nyika ya Taru ambayo watu wa pwani waliihofu kiasi cha kuwaita jirani zao wa bara Wanyika, jina ambalo wenyewe wamelikataa kwa haki na kujiita Wamijikenda.

Msomaji aliyezoea ramani za kikoloni atatarajia kwamba mpaka wa lugha ungefuata mpaka wa mvua: huku lugha ya watu wa mlima, kule lugha ya watu wa nyika. Haiko hivyo. Kiembu na Kimbeere zimekaribiana hivi kwamba aghalabu huwekwa pamoja. Sifa moja ya matamshi yatosha kuwa mfano. Mahali pengi ambapo Kigikuyu cha Murang'a na Nyeri kina sauti h, Kiembu kina v: njahĩ ya kule ni njavĩ ya huku, na haha ya kule ni ava. Majina ya mahali yanaifuata sauti hiyo kutoka mlimani hadi nyikani, kwani Nguviu iko juu katika nchi ya kahawa, na Mavuria na Evurore ziko chini katika nchi ya mwele na mbuzi. Majina peke yake si hoja kamili, lakini uchunguzi wa Karega Mutahi juu ya mabadiliko ya sauti katika lahaja za kusini mwa Mlima Kenya, uliochapishwa mwaka 1983, ulithibitisha ukaribu huo kwa ushahidi mpana zaidi. Mvua inapungua kwa zaidi ya nusu, mimea yote inabadilika, nyumba zinabadilika, na lugha inabaki karibu ileile.

Mtu akiacha kushuka, na badala yake akaukata mlima kwa ubavu, akitoka Kibugu kuelekea kaskazini mashariki bila kubadili mwinuko, mambo ni mengine. Akivuka Mto Thuci anaingia kwa Wachuka. Mbele ya Wachuka wapo Wamuthambi, kisha Wamwimbi, Waigoji, Waimenti, na hatimaye, kwenye vilima vya Nyambene, Watigania na Waigembe. Wilhelm Möhlig, aliyezipima lahaja za mashariki mwa mlima na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alionyesha jinsi zinavyotofautiana katika eneo dogo mno. Udongo ni uleule mwekundu, mvua ni ileile, migomba ni ileile, na kila baada ya mabonde machache maneno na sauti zimekwisha kugeuka. Wamuthambi na Wachuka hawajatenganishwa na jangwa lolote. Wametenganishwa na maji.

Sababu yake si ngumu kuielewa kwa aliyewahi kuvuka mabonde hayo kwa miguu wakati wa masika. Mito inayotoka katika barafu na msitu wa mlima imechimba makorongo yenye kuta za kuteleza. Shughuli za kila siku za mkulima hazikumlazimu kuyavuka, kwa kuwa jirani yake wa ng'ambo alikuwa na vitu vilevile alivyokuwa navyo yeye: viazi vikuu, nduma, ndizi, miwa. Hakuna aendaye sokoni kununua alichoacha nyumbani. Mgongo mmoja wa ardhi, ulioitwa rũgongo katika Kigikuyu, ulitosha kuwa dunia ya mtu, na si ajabu kwamba neno hilo, ambalo Mswahili analitambua mara moja katika mgongo wake, lilimaanisha pia eneo la utawala. Mzee wa kiama aliyekata kesi kwenye mgongo wake hakuwa na haja ya mfalme wa kumsimamia, wala mfalme hakuwa na njia ya kumfikia.

Kwenye nchi kavu haja ilikuwapo, na njia ilikuwapo. Mfugaji wa Mbeere au wa Tharaka, mwaka mvua ilipokosekana, alilazimika kuwa na marafiki, wakwe na ndugu wa kuapizana katika nchi nyingine, na ardhi yake, iliyo wazi, ilimruhusu kuwafikia. Lahaja za Kikamba, kutoka vilima vya Machakos hadi mashariki ya Kitui, zimeenea katika eneo lililo kubwa mara nyingi kuliko eneo la Wameru wote, na wasemaji wake huelewana bila shida. Hapa ndipo nadharia ya ukuta inapoanguka. Katika sehemu hii ya Afrika ya Mashariki mlima ndio uliotenga, na nyika ndiyo iliyounganisha.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Wagikuyu nao ni watu wa migongo na makorongo, kutoka Nyeri hadi Kiambu, na lugha yao ni moja yenye lahaja chache tu. Je, si ushahidi kinyume? Jibu limo katika umri. Godfrey Muriuki, katika historia yake ya Wagikuyu ya mwaka 1974, alieleza kwamba kuenea kwao kusini hadi Kiambu ni jambo la karne chache tu zilizopita, na kwamba ukataji wa misitu ya Kiambu uliendelea hadi karne ya kumi na tisa. Lugha iliyofika jana haijapata muda wa kupasuliwa na mito. Mashariki mwa mlima, ambako makao ni ya zamani zaidi, mito imekwisha kufanya kazi yake. Aidha Kigikuyu kilipata mapema maandishi, shule na magazeti, vitu ambavyo hujaza makorongo haraka kuliko mawe.

Mifano ya nje ya Afrika ya Mashariki haipingani na hali hii. Milima ya Caucasus, yenye mabonde yaliyofungana, ilizaa lugha nyingi hata wanajiografia wa Kiarabu wakaiita Mlima wa Ndimi, ilhali Kiarabu chenyewe kilienea na misafara katika majangwa makubwa kuliko yote duniani. Karibu zaidi na nyumbani, Kiswahili kilinyooka kwenye utepe mwembamba wa ufuko, kutoka Barawa hadi kaskazini ya Msumbiji na visiwa vyake, kwa sababu bahari, ambayo haifai kunywewa wala kulimwa, ilikuwa njia. Bahari ya chumvi na nyika ya mchanga zina tabia moja. Mtu hakai katikati yake, basi hukaa kando na kuivuka, na anayevuka huchukua maneno.

Ushahidi wa maneno kwa hakika unastahili kusemwa kwa undani kuliko ilivyozoeleka. Neno la nchi tambarare, kavu, isiyolimwa ni werũ katika Kigikuyu na weũ katika Kikamba, lugha ambayo kwa kawaida imeiangusha sauti hiyo ya katikati. Ni neno moja basi, lililorithiwa na wote, wa mlimani na wa nyikani, wala si neno ambalo watu wa msitu waliwapa watu wa nje kwa dharau, kama lilivyotumika neno nyika pwani. Msitu nao ni mũtitũ. Kwa upande mwingine jina Ruguru, linaloonekana hadi leo katika eneo la Ruguru na Ngandori kwenye miteremko ya Embu, laelekea kuwa na shina moja na igũrũ, yaani juu, na msomaji wa Tanzania atakumbuka Uluguru. Mtu hutaja juu pale tu anapofikiri pia juu ya chini. Mgawanyo wa mwaka unasema jambo lilelile kwa namna nyingine. Wagikuyu huziita mvua zao mbili kwa majina ya mazao: mbura ya njahĩ ni mvua za masika, na mbura ya mwere ni mvua za vuli, mvua za mwele. Mwele ni nafaka ambayo leo hulimwa zaidi katika nchi za chini, zenye ukame. Kahawa imeufukuza mlimani, lakini jina lake lingali linahesabu miezi huko.

Biashara kati ya juu na chini ilifuata tofauti hiyo ya ardhi. Kutoka chini walikuja mbuzi, ng'ombe, asali, mtama na mbaazi. Kutoka juu walikuja viazi vikuu, ndizi na maharage. Charles Ambler, katika kitabu chake cha 1988 juu ya jamii za Kenya ya kati mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, alieleza masoko na uhusiano wa kifamilia uliowafungamanisha watu hao, na hoja yake kwamba majina ya makabila yalikuwa legevu kuliko mahusiano ya vijiji bado haijapata mpinzani mwenye nguvu. Wafanyabiashara wa Kikamba waliunyoosha mtandao huo hadi Mombasa. Walikuwa wamekwisha kuizoea nyika ya Taru, pamoja na mashimo yake ya maji na wanyama wake, muda mrefu kabla misafara ya Waswahili haijachukua sehemu kubwa ya biashara ya pembe za ndovu katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa.

Jinsi nyika hiyo ilivyokuwa njia kwa mmoja na mauti kwa mwingine yaonekana katika safari ya Johann Ludwig Krapf. Mmisionari huyo, aliyeuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alirudi Ukambani mwaka 1851 akafuatana na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, kuelekea Mto Tana. Karibu na mto msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake. Alipoufikia mto alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, iliyokuwa haina kazi nyingine tena, kisha akaanza kurudi. Maandishi yake yaliposomwa Ulaya yalikuza habari za nyika isiyopitika. Watu wa Kivoi waliipita nyika hiyohiyo mwaka baada ya mwaka wakiwa wamebeba pembe.

Uhusiano wa juu na chini ulipimwa kwa ukatili kati ya 1897 na 1901, mvua zilipokosekana mfululizo, na ndui na maradhi ya mifugo yakaongezeka juu ya njaa. Wakamba waliiita njaa hiyo Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Wagikuyu waliiita Ng'aragu ya Rũraya, njaa ya Ulaya, kwa kuwa iliandamana na kuja kwa Wazungu na reli yao. Maelfu ya watu walipanda kutoka nchi kavu kwenda milimani. Wengine walipokewa na wakwe. Wengine, hasa wanawake na watoto, waliwekwa rehani kwa chakula, na wapo wasiorudi kamwe. Vizazi vyao leo ni Wagikuyu, Waembu au Wameru kama wengine wote. Si sahihi kuipamba habari hii kuwa ni ukarimu mtupu wa kale. Yalikuwa mapatano ya wenye shibe na wenye njaa, na mwenye njaa hana nguvu ya kujadili bei. Lakini njia za kupanda zilijulikana, na lugha ya kuombea ilieleweka, kwa sababu zilikuwa zimetumika katika miaka ya neema.

Nyika imeingia pia katika kumbukumbu za asili za watu, na hapa pana mgogoro wa kitaaluma ambao haujakwisha. Wameru husimulia kwamba walitoka Mbwaa, kisiwa kilichozungukwa na maji, walikotumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa majaribu yasiyowezekana, kama kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Hatimaye Koomenjoe akawaongoza kuvuka maji, na makundi matatu ya Wameru, weusi, wekundu na weupe, yakapata majina kutokana na wakati yalipovuka: usiku, alfajiri na mchana. Baada ya maji ilikuja nchi kavu, mwendo mrefu hadi mlimani.

Aliyefanya kazi kubwa ya mwanzo ya kukusanya na kupanga masimulizi hayo alikuwa H. E. Lambert, ofisa wa serikali ya kikoloni huko Meru katika miaka ya 1930, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa vitabu vyake juu ya Kivumba, Chijomvu na Chichifundi, vilivyotolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1957 na 1958. Mtu mmoja aliyajua maji ya Vanga na migongo ya Imenti. Bahati hiyo haijatokea mara nyingi. Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee baadaye, alikitambua kisiwa cha Mbwaa kuwa ni Manda, katika funguvisiwa la Lamu, na akayaamini masimulizi kwa jumla. J. Forbes Munro, katika makala ya mwaka 1967, alitia shaka nadharia nzima ya asili ya pwani kwa watu wa nyanda za juu.

Isimu inampa Munro nguvu zaidi. Kimeru hakimo katika kundi la Sabaki, linalojumuisha Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Kimo pamoja na Kigikuyu, Kiembu na Kitharaka katika kundi ambalo Patrick Bennett aliliita Thagicu mwaka 1967, alipokuwa akichunguza Kanuni ya Dahl, na Kikamba ni jamaa wa karibu wa kundi hilo. Taifa zima haliwezi kutoka Manda katika karne ya kumi na nane na kuwasili mlimani likiwa na lugha iliyokwisha kuumbwa mlimani. Linaloweza kutokea ni kundi dogo la wakimbizi kupanda bonde la Tana, kupokewa, kuoa na kuolewa, na kuwaachia wenyeji hadithi badala ya lugha. Kufanana kwake na habari za Musa kumewatia wengi wasiwasi, na tafsiri ya Biblia ya Kigikuyu, iliyolichagua neno werũ kwa jangwa la Waisraeli, iliurahisishia mfanano huo njia. Hata hivyo, jambo la kuangaliwa ni wapi hadithi ya kuvuka ilishika mizizi. Imeshika sana kwa Watigania na Waigembe, ambao Nyambene yao inaitazama nchi kavu ya kaskazini na mashariki. Waembu, waliofunikwa na msitu na migongo, husimulia kwamba mwanzo wao ni Mwenendega na mkewe, kwenye kichaka kitakatifu karibu na Runyenjes, ndani ya nchi yao yenyewe. Anayeishi ukingoni mwa nyika hukumbuka kuivuka.

Waingereza walipoishambulia Embu mwaka 1906 na kuweka utawala wao, walileta ramani ya namna nyingine. Hifadhi za makabila zilichorwa, na mgawanyo wa juu na chini, ambao ulikuwa wa ushirikiano, ukawa wa daraja. Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa nchi chache ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930. Mbeere haikuwa na kahawa ya kupanda. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulielekeza nguvu zake hasa kwenye ardhi yenye rutuba. Uhuru haukuibadili hesabu hiyo. Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965, uliotangaza Ujamaa wa Kiafrika wa Kenya, ulipendekeza fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri na mvua, njia za usafiri na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Huntington asingeshindwa kuitambua hoja hiyo. Wambeere walidai wilaya yao, wakaipata mwaka 1996, na Katiba ya mwaka 2010 ikawarudisha pamoja na Waembu katika kaunti moja.

Wakati huohuo maji yalikuwa yakiendelea kuteremka. Rupingazi huanzia msituni juu ya Embu, huingia Mto Thiba, na Thiba huingia Tana katika nchi kavu ya chini, ambako yalijengwa mabwawa matano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Waraka wa 1965 uliuhesabu umeme miongoni mwa sifa za nchi inayostahili kupewa fedha. Miaka mitatu baadaye Kindaruma ikaanza kuuzalisha ukingoni mwa Mbeere, na nyaya zikaubeba kuelekea Nairobi zikipita juu ya vijiji ambavyo vilikaa gizani kwa miaka mingi.